Remote Desktop ya nyumbani haifunguki ukiwa mbali: tafuta kosa kuanzia ndani kwenda nje

Kazi hii huharibika mapema. Mtu anawasha Remote Desktop (huduma ya Windows ya kutumia kompyuta ukiwa mbali) kwenye kompyuta ya nyumbani, anaingia kwenye ruta na kufungua poti 3389, mlango wenye namba ambao huduma hiyo hupitia, halafu anajaribu anwani ya nje akiwa bado sebuleni. Inakataa. Hapo anaanza kubadilisha kila anachokiona, na baada ya saa moja hajui tena kipi kilikuwa kibovu tangu mwanzo na kipi amekiharibu mwenyewe.

Kati ya kompyuta uliyonayo safarini na ile ya nyumbani kuna malango manne: huduma ya RDP yenyewe (itifaki ya Remote Desktop), fayawoli ya Windows inayochuja miunganisho, ruta, na mtandao wa mtoa huduma. Usiguse lango la nje kabla la ndani halijafunguka. Katika maelezo haya kompyuta ya nyumbani ni 192.168.1.50, ruta ni 192.168.1.1, na anwani ya nje ni 203.0.113.25. Weka zako mahali pake.

Inakataa hata ukiwa ndani ya nyumba

Chukua kompyuta nyingine iliyo kwenye Wi-Fi ile ile, fungua PowerShell, uandike:

`Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 3389`

Mstari wa kusoma ni TcpTestSucceeded. Ukiwa True, ruka sehemu hii yote. PingSucceeded ikisema False isikubabaishe, kwa sababu Windows mara nyingi hainyanyui kichwa ikipigiwa ping (ujumbe wa kuuliza kama kifaa kipo), na RDP haiitegemei ping hata kidogo.

Ukiwa False, anza na toleo la Windows. Bonyeza Windows+R, andika `winver`. Windows Home inaweza kwenda kwa wenzake lakini haipokei wageni. Wanaopokea ni Pro, Enterprise na Education. Laptopu nyingi za dukani huja na Home, na hakuna swichi ya fayawoli wala ruta itakayobadilisha hilo. Nunua leseni ya Pro, au tumia programu nyingine ya kudhibiti kompyuta kwa mbali, kama RustDesk au Chrome Remote Desktop. Vipo pia vijiprogramu vinavyodai kuifanya Home ipokee. Achana navyo: Windows ikijisasisha tu vinavunjika, antivirusi huvikamata, na vinachezea sehemu ya mfumo ambayo ndiyo inayolinda mlango.

Toleo likiwa sawa, hakikisha huduma inasikiliza. Kwenye kompyuta ya nyumbani yenyewe:

`netstat -ano | findstr :3389`

Lazima uone 0.0.0.0:3389 na neno LISTENING. Usipoona kitu, nenda Settings, System, Remote Desktop, uwashe swichi. Swichi ikiwa tayari imewashwa na bado hakuna kitu, kuna mambo mawili. Huenda huduma imesimama. `Get-Service TermService` itakuonyesha, na `Start-Service TermService` itaiamsha. Au kuna mtu aliyewahi kubadilisha poti:

`reg query "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Terminal Server\WinStations\RDP-Tcp" /v PortNumber`

Jibu la kawaida ni 0xd3d, yaani 3389. Likiwa jingine, kompyuta inasikiliza kwingine, na kanuni ya fayawoli iliyokuja na Windows haikuhamia huko pamoja nayo. Irudishe 3389, uwashe kompyuta upya. Ukitaka namba tofauti kwa nje, ibadilishe kwenye ruta, si hapa.

Sasa fayawoli. LISTENING ipo, lakini kompyuta ya pili inapata False. Fungua PowerShell kama msimamizi:

`Enable-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Desktop"`

Kisha angalia Windows inauitaje mtandao wenu:

`Get-NetConnectionProfile`

NetworkCategory ikiwa Public, Windows inajihesabu kuwa iko mkahawani kati ya watu isiowajua. Kanuni ya Remote Desktop ikiwa imetikiwa Private peke yake, haitatumika hapo. Hili hutokea sana baada ya kubadilisha ruta: kwa macho yako ni nyumba ile ile, kwa Windows ni mtandao mpya kabisa, na mtandao mpya huanzia Public. Rekebisha:

`Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private`

Kama kompyuta imeunganishwa kwa waya, jina litakuwa "Ethernet" badala ya "Wi-Fi".

Fayawoli ikiwa sawa na bado inakataa, angalia kama antivirusi uliyoweka ina fayawoli yake. Ikiwa nayo, kanuni za Windows ulizozihangaikia hazisomwi na mtu; ruhusa itolewe ndani ya programu hiyo. Jambo la mwisho ni Wi-Fi ya wageni. Kifaa kilichounganishwa na jina la wageni, au ruta iliyowashwa AP Isolation, hukatazwa kuona vifaa vingine vya ndani hata kama intaneti inafika vizuri.

Kuna mafundi wanaopima muda wa kusubiri ili wajue nani amekataa. Kukataliwa papo hapo humaanisha kifaa kimefikiwa na poti imefungwa, na ukimya wa sekunde 20 hivi humaanisha pakiti, yaani kipande cha data, imetupwa njiani. Kwenye Linux na ruta kipimo hiki kinafaa. Kwenye Windows kinapotosha, kwa sababu fayawoli yake ikiwa imewashwa hukaa kimya hata pale ambapo poti haina huduma yoyote nyuma yake. Kwa hiyo ukimya peke yake usikupeleke kwenye ruta. Rudi kwenye `netstat`.

Ndani inafunguka, nje kimya

Hapa ndipo wengi wanakwama, na nusu ya majaribio yao hayana maana kwa sababu wanajaribu mahali pabaya. Kupiga 203.0.113.25 ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani kunaitaka ruta itoe pakiti nje na kuirudisha ndani yenyewe kwa yenyewe. Ruta nyingi za bei nafuu hazijui kufanya hivyo. Unaweza kuwa umepanga kila kitu barabara na bado ukaona kimekataa. Jaribu ukiwa nje kweli: zima Wi-Fi ya simu, washa hotspoti kwa bando la simu, unganisha laptopu kwenye hotspoti hiyo, kisha rudia Test-NetConnection kwa anwani ya nje. Kwenye Mac au Linux amri ni `nc -vz 203.0.113.25 3389`.

Kabla ya kuandika kanuni yoyote kwenye ruta, fanya ulinganisho mmoja utakaokuokolea siku nzima. Ingia kwenye ruta, tafuta ukurasa wa hali ya mtandao, usome anwani ya WAN, yaani ile ya upande wa nje wa ruta. Halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Linganisha.

Zikifanana, una anwani ya umma, na uelekezaji wa poti utafanya kazi.

WAN ikianza na 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, kuna ruta nyingine juu ya ruta yako. Kwa kawaida ni kile kisanduku cha faiba alichofunga fundi wa mtoa huduma. Vingi vya Huawei hukaa 192.168.100.1. Hiyo ni NAT (vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje kupitia ruta) mara mbili: poti uliyofungua iko kwenye lango la pili wakati lango la kwanza halijui habari zake. Omba kisanduku cha faiba kiwekwe kwenye hali ya bridge ili ruta yako ipate anwani ya umma moja kwa moja. Kikishindikana, elekeza poti mara mbili: kisanduku kielekeze kwa ruta yako, na ruta yako ielekeze kwa kompyuta.

WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT. Anwani hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo tu: mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa kuwa anwani za IPv4 zimekwisha. Kampuni nyingine hutumia 10.x.x.x kwa kazi hiyo hiyo. Pakiti inayotoka nje ikifika kwa mtoa huduma haina maelekezo ya kumjua mteja gani apewe, kwa hiyo inatupwa hapo. Hakuna unachoweza kubofya kwenye ruta yako kitakachobadilisha hilo. Dynamic DNS (jina linalofuata anwani yako inapohama) nayo haisaidii, maana itasajili anwani ya umma mnayochangia na majirani.

Ruta za laini ya simu, za 4G na 5G, mara nyingi sana ziko katika hali hii. Starlink ya kawaida ya nyumbani pia, na ruta yake haina ukurasa wa kuelekeza poti. Ukiwa hapo una njia mbili za haraka: kumuuliza mtoa huduma kama anauza anwani ya IP ya umma, au kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya VPN (handaki binafsi ndani ya intaneti) hapa chini, ambako CGNAT haina neno.

Mtoa huduma akikupa IPv6 (anwani za kizazi kipya), nayo ni njia, kwa sababu huko hakuna NAT. Lakini fayawoli ya ruta lazima iruhusu pakiti zinazoingia kwa kompyuta hiyo, na mahali ulipo nako pawe na IPv6. Hoteli na ofisi nyingi hazina.

Sasa tuseme anwani ni ya umma. Kanuni yenyewe ina visanduku vinne tu: poti ya nje, poti ya ndani, anwani ya ndani, na itifaki. TP-Link huiita Virtual Servers, Huawei huiita Port Mapping, kwenye MikroTik ni dst-nat. Poti ya ndani ni 3389, itifaki ni TCP, anwani ni 192.168.1.50. UDP 3389 si lazima ili uingie. RDP huitumia baadaye kulainisha picha, na ikiikosa huendelea na TCP peke yake.

Makosa ya hapa yanajirudia. Mtu anaandika anwani ya laptopu anayotumia kupangia ruta badala ya ile ya kompyuta inayopokea. Mwingine anawasha Remote Management akidhani ndiyo Remote Desktop. Hiyo hufungua ukurasa wa ruta yenyewe kwa dunia nzima, na inapaswa kuzimwa leo hii. Mwingine anaandika poti ya nje 33912, kisha anasahau kuitaja anapounganisha. Mstari wa anwani lazima uwe `203.0.113.25:33912`, namba ikitanguliwa na nukta mbili.

Kanuni ikiwa sawa na bado kuna kimya, acha kukisia, uiulize kompyuta kama hodi inaifikia. Washa kumbukumbu za fayawoli:

`Set-NetFirewallProfile -Profile Domain,Private,Public -LogBlocked True -LogAllowed True`

Jaribu kuunganisha kutoka kwenye hotspoti, kisha fungua `C:\Windows\System32\LogFiles\Firewall\pfirewall.log` kwa Notepad iliyofunguliwa kama msimamizi. Ukiona mstari wenye anwani ya hotspoti, poti 3389, na neno DROP, ruta imefanya kazi yake na mkosaji ni fayawoli ya Windows. Angalia kichupo cha Scope cha kanuni ya Remote Desktop: huenda mtu ameibana ikubali anwani za ndani pekee. Ukiona ALLOW, nenda Event Viewer, Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, RemoteDesktopServices-RdpCoreTS, Operational. Tukio namba 131 linathibitisha kuwa muunganisho wa TCP umepokelewa, na likiwapo hapo, mambo ya ruta yamekwisha.

Kumbukumbu zisipoonyesha chochote, pakiti haifiki. Kwenye MikroTik unaweza kuangalia hesabu ya kanuni ya dst-nat: ikipanda kila unapojaribu, pakiti inaingia kwenye ruta na inapotea ndani, isiposogea, inazuiwa kabla ya ruta. Ruta nyingi za nyumbani hazina hesabu hiyo. Badilisha basi poti ya nje kuwa namba kubwa, tuseme 33912, ujaribu tena. Ikikubali, mtoa huduma anazuia 3389 kuingia. Inawezekana pia kizuizi kiko upande wa pili: ofisi nyingi huzuia 3389 kutoka. Ndiyo maana jaribio la hotspoti ni muhimu kuliko jaribio la ofisini.

Sababu moja hujificha kuliko zote. Kompyuta ya nyumbani ina VPN ya kulipia iliyowashwa muda wote. Hodi inaingia kwa ruta, inafika vizuri, hata ALLOW inaonekana, lakini jibu linatoka kupitia handaki la VPN na kumfikia mgeni likiwa na anwani asiyoijua. Analitupa. Zima VPN hiyo, ujaribu tena kabla ya kuisumbua ruta.

Jana iliingia, leo haiingii

Kama hakuna aliyegusa mipangilio, anwani imehama au kompyuta imelala.

Anwani ya ndani huhama kwa sababu ruta huigawa kwa muda. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta iliyokuwa .50 inaweza kuamka ikiwa .53, na .50 ikapewa televisheni. Kanuni ya ruta inaendelea kuelekeza kwa televisheni bila kulalamika. Funga anwani kwenye ruta kwa kutumia MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya kompyuta. Ukurasa huitwa Address Reservation au Static DHCP. Kufunga kwenye ruta ni salama kuliko kuandika anwani kwa mkono ndani ya Windows, ambako kosa la gateway au DNS huleta tatizo jipya.

Anwani ya nje huhama vilevile ruta inapowashwa upya. Dynamic DNS hulitatua hilo: jina moja lisilobadilika, na ruta inalisasisha. Likishindwa, linganisha jibu la `nslookup` ya jina lako na anwani ya WAN. Zikitofautiana, kisasishi kimekufa. Kosa la 0x104 kwenye programu ya simu au Mac kwa kawaida linasema jina halikupatikana; 0x204 linasema kompyuta haikufikika.

Usingizi nao ni chanzo cha kawaida sana. Kompyuta iliyolala haisikii hodi. Kwa iliyo kwenye umeme:

`powercfg /change standby-timeout-ac 0`
`powercfg /change hibernate-timeout-ac 0`

Laptopu iwekewe pia kwamba kufunga kifuniko hakuilazi. Na pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, ingia BIOS ya kompyuta ya mezani utafute mpangilio wa Restore on AC Power Loss, uuweke Power On. Bila hivyo umeme utarudi, ruta itawaka, na kompyuta itabaki imezimika ikisubiri kidole cha mtu. UPS ndogo kwa ajili ya ruta na kisanduku cha faiba inalipa zaidi kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa vifaa hivyo vinakula umeme kidogo tu.

Kama umeme ulikuwa haupo kwa muda na sasa unapata ujumbe wa tofauti ya saa au tarehe, betri ya ubao mama imekufa. Ni CR2032, ile ya duara. Kompyuta imerudi tarehe ya zamani na usalama wa RDP unakataa.

Inafika, lakini nenosiri linakataliwa

Hili si la mtandao tena. Usirudi kwenye ruta.

RDP haikubali PIN. Tarakimu unazoandika kila asubuhi ni za kompyuta hiyo tu. Kwa mbali kunatakiwa nenosiri kamili. Akaunti isiyo na nenosiri nayo hukataliwa, kwa sababu Windows huruhusu nenosiri tupu kwa aliyeketi mbele ya kompyuta pekee.

Jina la kuandika lipate kwa `whoami` kwenye kompyuta ya nyumbani. Akaunti ya kawaida huandikwa na jina la kompyuta mbele, mfano `MEZANI\asha`. Akaunti ya Microsoft huandikwa `MicrosoftAccount\` ikifuatwa na barua pepe nzima. Na hapa kuna mtego: kompyuta iliyopangwa kwa PIN tangu siku ya kwanza huenda haijawahi kuliona nenosiri la akaunti ya Microsoft, kwa hiyo haina la kulinganisha nalo, na hukataa hata lililo sahihi. Lionyeshe mara moja, ukiwa nyumbani:

`runas /u:MicrosoftAccount\barua@example.com winver`

Andika nenosiri, dirisha la winver likifunguka, RDP itakubali kuanzia hapo.

Asiye msimamizi lazima aongezwe kwenye kundi la Remote Desktop Users; mahali pake ni ukurasa ule ule wa Remote Desktop kwenye Settings.

Ujumbe unaotaja CredSSP encryption oracle remediation una maana moja: kompyuta moja kati ya hizo mbili haijasasishwa tangu 2018. Microsoft iliziba tundu la CVE-2018-0886 mwezi Machi mwaka huo, na Mei ikaanza kukataa zisizozibwa. Utaona ushauri wa kulegeza sera ili muunganisho upite. Usifanye hivyo, sasisha iliyobaki nyuma.

Ukiambiwa akaunti imefungwa ilhali hujakosea, fungua Event Viewer, Windows Logs, Security, utafute tukio 4625. Ukikuta mamia yake kutoka anwani za nje, yakijaribu majina kama admin na user, poti yako imeshagunduliwa na mashine zinazokisia manenosiri usiku na mchana. Windows 11 iliyowekwa upya kuanzia toleo la 22H2 hufunga akaunti kwa dakika 10 baada ya makosa 10, kwa hiyo wanaokisia wanakufungia mlango wewe mwenye nyumba.

Poti 3389 isibaki wazi

Tumeeleza namna ya kuifungua kwa sababu ndivyo kosa linavyotafutwa, lakini hatushauri iachwe hivyo. Mwezi Mei 2019 tundu la CVE-2019-0708, maarufu kama BlueKeep, lilionyesha kuwa Windows 7 na ndugu zake wa zamani zingeweza kuvamiwa kupitia poti hiyo bila nenosiri lolote. Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, iliyokuwa imeshaachwa kuhudumiwa tangu 2014. Kuhamia 33912 kunapunguza kelele kwenye kumbukumbu, hakuzuii anayetafuta kwa makini.

Funga kanuni ya 3389 na uweke VPN mbele yake. Ukiwa na anwani ya umma, WireGuard inatosha: poti moja ya UDP, kwa kawaida 51820, ambayo haimjibu kabisa asiye na ufunguo. Ukiwa nyuma ya CGNAT, Tailscale ndiyo njia fupi. Kompyuta zote mbili hutoka nje zenyewe na kukutanishwa, kwa hiyo hakuna poti ya kufungua popote. Usishtuke kuona anwani za 100.x, ni zake, si dalili ya CGNAT hapo.

VPN imeungana, RDP bado kimya

Angalia kwanza kama handaki limeungana kweli. WireGuard husema imewashwa hata kama haijazungumza na mtu. Ukweli uko kwenye mstari wa latest handshake. Usipokuwapo, ufunguo mmoja umeandikwa vibaya, au poti ya UDP haielekezwi. Watu huielekeza kama TCP kwa mazoea ya 3389.

Handaki likiwa limeungana, kumbuka kwamba Windows huenda inaiona kadi ya VPN kama mtandao wa Public, na kanuni yako ya fayawoli ni ya Private. Tiki Public pia, kisha bana Scope ikubali anwani za VPN na za ndani tu.

Skrini nyeusi baada ya nenosiri kukubaliwa, au picha inayoganda baada ya sekunde chache, ni pakiti kubwa zinazopotea njiani. Vitu vidogo kama nenosiri vinapita, picha ya skrini haipiti. Pima ukiwa ndani ya VPN:

`ping -f -l 1392 192.168.1.50`

Namba 1392 ukijumlisha baiti 28 za vichwa ni 1420, kipimo cha kawaida cha WireGuard. Kompyuta ikiwa haijibu ping, ruhusu kwa muda kanuni ya File and Printer Sharing (Echo Request - ICMPv4-In). Namba 1392 ikishindwa na ndogo ikapita, weka `MTU = 1280` (ukubwa wa juu wa pakiti) kwenye mipangilio ya WireGuard pande zote mbili. Isipotibika, izime UDP ya RDP kwenye kompyuta unayotokea:

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services\Client" /v fClientDisableUDP /t REG_DWORD /d 1 /f`

Laini ikiwa nzito tu bila kuganda, punguza rangi hadi biti 16, ondoa picha ya nyuma kwenye kichupo cha Experience cha Remote Desktop Connection, na uzime sauti. Kinachobana mara nyingi ni kasi ya kupandisha ya nyumbani, si ya kushusha ya mahali ulipo.

Na kama kila kitu ni kizima lakini ukipiga 192.168.1.50 unafunguliwa ukurasa wa printa usiyoijua, Wi-Fi ya mahali ulipo nayo inatumia 192.168.1.x, na laptopu yako inatafuta 50 ya hapo hapo badala ya kwenda nyumbani. Kwa leo tumia anwani ya VPN ya kompyuta badala ya ile ya ndani. Ukirudi, hamisha mtandao wa nyumbani kwenda namba isiyo ya kawaida, mfano 192.168.47.x, na urekebishe anwani uliyoifunga kwenye ruta iendane nayo.